Tenki "Tupu" Ndilo Linalolipuka: Acheni Mchezo wa Petroli Uani

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara, leo viwavijeshi na mdondo wa kuku visubiri kidogo. Nataka kugombana na neno moja ambalo nalisikia kila nikipita mitaani hapa Mabatini, na nikienda vijijini kuelekea Misungwi na Magu nalikuta limeshatangulia. Neno lenyewe ni "tupu".

Unayajua mambo yanavyokwenda. Mtu ana kirikuu chake kinachobeba nyanya. Tenki limeliwa na kutu chini, linavuja. Gereji anaona ni mbali na ni ghali, basi anamwita fundi aje nyumbani. Fundi anachomeka mpira, kijana wake anavuta kwa mdomo, petroli inaingia kwenye ndoo ya kufulia, na hatua nne kutoka hapo kuna jiko la mkaa lenye maharage. Mafuta yakikatika, fundi analigonga tenki kwa spana, linalia kama debe. Anasema, "Tupu hilo, leteni waya tuchomelee." Na mwenye gari, ambaye hakubali kununua gunia la mahindi bila kuingiza mkono hadi chini, analikubali neno hilo bila hata swali.

Nasema hivi: tenki la petroli lililotoka kumwagwa si tupu. Limetoka mafuta, limebaki na mvuke. Na mvuke ndio unaowaka. Petroli yenyewe ikiwa ya maji haiwaki. Kinachoshika moto ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kipimo chake. Kipimo hicho kinajulikana: kuanzia kama asilimia 1.4 ya mvuke ndani ya hewa hadi kama asilimia 7.6. Chini ya hapo ni mwembamba mno, haushiki. Juu ya hapo ni mzito mno, hewa haitoshi. Sasa fikiria tenki lililojaa. Juu ya mafuta kuna nafasi ndogo, na hiyo imejaa mvuke mzito. Ukiyamwaga mafuta, hewa inaingia kujaza nafasi yake, mvuke unapungua uzito, unashuka polepole hadi unafika kwenye kile kipimo cha kulipuka. Yaani unapotoa mafuta na kuishia hapo, wewe mwenyewe ndiye unayelipika bomu hadi liive.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo kuliko unavyodhani. Tenki la lita 40 linahitaji petroli isiyozidi kijiko kimoja cha chai, ikishageuka mvuke, kufikia kiwango cha kulipuka. Kijiko kimoja! Na hakuna tenki la zamani lisilobaki na kijiko kimoja kwenye kutu, kwenye mikunjo ya bati, chini ya geji, au kwenye lile tope jeusi linalokaa kwenye kona.

Wengine wananiambia, "Bibi shamba, tumeliosha kwa maji na sabuni ya unga." Sawa, mmeliosha. Sabuni imepita juu ya kutu, petroli imebaki ndani ya kutu. Moto wa kuchomelea ukigusa bati, ile iliyojificha inatoka kwa joto, na wakati huo fundi ameinamia tundu. Wengine wanasema wameliacha juani siku nzima limekauka. Linanuka? Likinuka, halijakauka. Na hata likiacha kunuka pua yako si mashine ya kupimia. Pua ikizoea petroli inaacha kuisikia, muulize yeyote anayeuza mafuta.

Tena msiniambie habari za baridi ya asubuhi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.  Kwa hiyo hakuna saa ya siku, masika wala kiangazi, ambapo petroli ya Mabatini imelala. Dizeli ndiyo tofauti: inataka joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujashika moto, ndiyo maana njiti ya kiberiti ikidondokea dizeli iliyopoa mara nyingi inazimika. Lakini wenye mashine za kusaga na matrekta msishangilie. Kuchomelea kunapasha bati joto kupita nyuzi hizo mara nyingi sana, na tenki la dizeli linalochomelewa nalo hulipuka.

Hoja ninayokutana nayo zaidi ni ya uzoefu. "Nimefanya miaka 15, sijawahi kuungua." Nakuamini. Lakini hujawahi kupima huo mvuke hata siku moja. Siku moja ulikuwa mzito mno, siku nyingine upepo wa ziwa uliupeperusha, siku nyingine mafuta yalikuwa yamekwisha wiki tatu kabla. Wewe ukahesabu zote hizo kuwa ni ufundi wako. Mkulima aliyepanda bila mbolea mwaka mmoja mvua ikamkubali huwa anazungumza hivihivi, na huwa nambishia hivihivi.

Kisha wapo wanaosema haya ni mambo ya malori makubwa. Mnaikumbuka Msamvu, Morogoro, Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu na ndoo, bodaboda wengi miongoni mwao, halafu likalipuka. Pamoja na waliofariki hospitalini siku zilizofuata, tulipoteza zaidi ya watu 100, na Rais Magufuli akatangaza siku tatu za maombolezo. Kenya ilikuwa imeshaonja hayohayo Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, nako walikufa zaidi ya 100. Na Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, walikufa zaidi ya 200, wakiwemo watu ambao hawakushika hata dumu. Walikuwa kwenye vibanda wakiangalia Kombe la Dunia.

Mara nyingi tukiongelea Msamvu tunaishia kusema "tamaa". Mimi tamaa naiweka pembeni, kwa sababu haielezi kitu. Mafuta hayaangalii kama umeyaiba au umeyanunua kwa risiti. Kilichotokea pale ni petroli wazi, mvuke uliotambaa chini, umati, na cheche. Hivyo vinne unavyo uani kwako siku fundi anapokuja: ndoo wazi, mvuke, watoto na majirani waliokuja kuangalia, na jiko. Tofauti ni wingi wa lita tu. Na Mabatini yetu nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini kama maji, unapita chini ya mlango, unaingia kwa jirani ambaye hajui hata kama una gari bovu, unamkuta anakoleza mkaa. Moto ukishika kwake unarudi kwako ukifuata njia ileile. Kwa hiyo usiseme "ni kwangu, ni gari langu". Sehemu ya kazi hiyo inafanyika sebuleni kwa mwenzako.

Sasa niseme la mdomo, kwa sababu hili ndilo linanikera kuliko yote.

Nani ananyonya mpira? Si mwenye gari. Si fundi mkuu. Ni yule kijana aliyekuja kujifunza kazi, wa miaka 15 au 16, ambaye hawezi kukataa kwa sababu ndiyo kwanza amepewa spana. Mwezi uliopita nilimkuta mmoja ameinama ukutani anakohoa, na mtu mzima mwenye gari amesimama pembeni anacheka kwamba "amekunywa super". Petroli ikiingia tumboni ni mbaya, lakini ubaya mkubwa ni ikiingia mapafuni. Tone dogo tu linapoteleza upande wa hewa linaunguza mapafu, na mtu anaweza kuonekana mzima mchana, usiku akashindwa kupumua.

Na hapo ndipo tunapoongeza makosa juu ya makosa: mpe maziwa, mpe mafuta ya mawese, mtie kidole atapike. Akitapika, petroli inapita kooni mara ya pili na inapata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Maziwa hayaondoi kitu, yanaongeza tu hamu ya kutapika. Mtoe mahali penye mvuke, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, na mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, hata kama anasema amepona. Wa hapa mjini tuna Sekou Toure na Bugando. Wa vijijini mnajua kituo chenu. Gharama za huko azibebe mwenye gari, sijui kwa nini hili linahitaji kusemwa.

Tena hakuna sababu ya mdomo. Wavuvi wote wa ziwa hili wanaujua ule mpira wenye puto la kuminya kwa mkono kwenye njia ya mafuta ya injini ya boti. Minya mara kadhaa, mafuta yanakuja yenyewe. Unauzwa kwenye maduka ya vipuri vya injini za boti, na pampu za mkono za kuhamishia mafuta zipo pia. Wenye magari watano mkichanga mnanunua moja ya mtaa mzima. Mnachangia harusi, mnachangia kipaimara, mnashindwa kuchangia mpira?

Najua mtu atasema bibi shamba ameacha kazi yake anatufundisha umakanika. Diploma yangu ni ya kilimo, kweli. Lakini nikija kwako kukagua stoo ya mahindi nakuta dumu la petroli limeegemea mifuko ya mbolea, na hilo liko ndani ya kazi yangu kabisa. Mbolea zenye naitreti, kama CAN, zenyewe huupa moto nguvu. Kuziweka pamoja na mafuta ni kumwekea moto kuni na upepo chumba kimoja. Mbegu nazo hunyonya harufu, na hakuna mnunuzi wa mchele anayetaka pilau ya petroli. Pampu ya kumwagilia, pikipiki, kirikuu, injini ya boti ya mfanyabiashara wa dagaa anayeshusha Mwaloni, zote hizo ni zana za kilimo na biashara ya chakula. Kwa hiyo nitaendelea kuongea.

Sikatai mtu kutengeneza gari lake nyumbani. Nakataa mambo mawili tu: kuchomelea tenki nyumbani, na kumwaga mafuta hovyo.

La kuchomelea halina mjadala. Sitakuandikia hapa namna ya kulifanya uani, kwa sababu nikikuandikia utasoma nusu na kuanza. Tenki linalotakiwa kuchomelewa lifunguliwe, lipelekwe kwa karakana inayosafisha matenki kwa mvuke wa maji moto, na inayoondoa hewa ndani yake kabla ya kuweka moto. Kabla hujamkabidhi fundi, muulize: "Utaliondoaje mvuke?" Akijibu "ni tupu hilo", mshukuru, beba tenki lako uondoke. Mara nyingi tenki lililotumika la gari kama lako, likiwa zima, linakuondolea shida yote. Ndiyo, ni pesa. Lakini linganisha na bei ya nini? Kirikuu kikiungua, msimu mzima wa nyanya unaoza shambani, na hiyo ni kama wewe mwenyewe umebaki mzima wa kuuhesabia hasara.

La kumwaga, linawezekana nyumbani kama una uwanja wa wazi. Kama huna, na wengi wa Mabatini hatuna, lisukumeni gari hadi mahali palipo wazi. Njia bora kuliko zote ni kuyatumia mafuta kwanza: gari likiwa bado linatembea, usijaze, tembea nalo hadi geji ishuke, ndipo upange siku ya fundi. Mafuta uliyoyachoma barabarani huna haja ya kuyamwaga.

Yaliyobaki yatolewe mchana, nje, pasipo shimo wala bonde, injini na ekzosi vikiwa vimepoa kabisa. Majiko yazimwe kwanza, ya kwako na ya jirani, na jirani aambiwe kwa nini. Hapa ndipo wanaume wengi wanaona aibu, eti kumwambia mama jirani azime jiko ni kumsumbua. Msumbue. Sigara hakuna. Watoto waende upande mwingine kabisa wa nyumba. Betri ichomolewe mapema, kabla kifuniko cha mafuta hakijafunguliwa, ukianza na waya wa hasi. Kuchomoa betri mvuke ukishatanda ni kutafuta cheche kwa mkono wako mwenyewe. Vaa nguo za pamba, acha ile jezi ya nailoni ndani, maana nailoni hutoa cheche na ikiungua inayeyukia kwenye ngozi.

Chombo kiwe dumu la mafuta lenye kifuniko, la chuma au la plastiki iliyotengenezwa kwa petroli, liwekwe chini kwenye udongo, wala si juu ya turubai au ndani ya bodi ya gari, na mdomo wa mpira uguse ndani yake. Mafuta yanapochuruzika kwenye plastiki huzaa umeme ule unaokushtua ukivua sweta, na huo unatosha. Usijaze hadi shingoni, acha nafasi. Na ndoo ya kufulia, beseni, au lile dumu la njano la mafuta ya kula, hapana. Chupa ya maji ya kunywa hapana mara mbili, kwa sababu mtoto anayerudi shule ana kiu haulizi. Nanyi mnaopanga chupa za petroli mezani kando ya barabara za vijijini, mnajua kuuza mafuta kunahitaji leseni ya EWURA, na upo utaratibu wa vituo vidogo vya vijijini. Jiungeni mfuatilie. Hilo nitalirudia siku nyingine kwa urefu.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kizuizi kwenye shingo ya tenki, mpira hauingii. Usilazimishe, utakwama na kukatikia ndani. Na yale yenye injini za kupulizia mafuta, njia zake zina mgandamizo hata gari likiwa limezimwa, ukilegeza mahali pasipofaa inakurukia usoni. Hayo mwachie fundi anayeyajua, mbele ya macho yako, kwa masharti hayohayo ya jiko na betri.

Mchanga mkavu uwe karibu, ndoo mbili, na kizima moto cha unga kile ambacho trafiki anakukagua. Maji usiyarushe kwenye petroli inayowaka. Petroli inaelea juu yake na moto unasafiri nayo. Moto ukizidi mchanga, toa watu kwanza, piga 114 kwa Zimamoto. Usirudi kuokoa gari.

Sasa mafuta yenyewe. Chukulia ni lita 10 na bei ni shilingi 3,000 kwa lita: una shilingi 30,000 ndani ya dumu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyatupa. Yakiwa safi, yachuje kwa kitambaa, yatarudi kwenye gari au yatatumika kwenye pampu ya shamba. Yakiwa na maji au kutu, yaache yatulie, toa ya juu, na lile tope lipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Usimwage mtaroni. Mtaro wa Mabatini unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakovua. Na petroli inayotambaa mtaroni inabeba mvuke wake hadi kwa watu wasiokujua kabisa. Wala usiimwagie kwenye kichuguu cha mchwa, wala kumpaka kuku mwenye utitiri. Nimeona kuku aliyepakwa. Utitiri ulibaki, kuku akafa. Kama shida ni utitiri njoo ofisini nikuelekeze dawa.

Dumu likae kivulini, nje ya nyumba, mbali na stoo na mbolea, limeandikwa PETROLI kwa rangi. Gari likishapona, rudisha mafuta kwa faneli, majiko bado yakiwa yamezimwa, funga kifuniko, futa yaliyomwagika na vitambaa hivyo vianikwe nje, visirundikwe ndani. Lala chini uangalie kama kuna tone. Subiri harufu iishe. Betri iunganishwe mwisho, ndipo uwashe.